Mgeni wa Tangini

Siku hizi matumbawe hayaishi baharini. Yanaishi majumbani, katika matangi ya kioo, chini ya taa inayoyatambua. Mimi nilinunua yangu mtandaoni, yenye cheti, na maelekezo nikayasoma mwenyewe mpaka mwisho. Shule ya jioni haikunipita bure.

Jana mke wangu Mwanakheri alirudi na bakuli la maji ya chumvi. Ndani mlikuwa na kipande cha tumbawe cha rangi ya zambarau, uzao wa mwisho wa mwamba wetu wa hapa Tanga. Alikinunua kwa jirani, Bi Tatu, anayekuza matumbawe kwenye mabeseni.

"La mtaani hilo," nikasema. "Halina cheti."

"Na wewe unacho? Litie, Baba Sauda."

Nikalitia. Taa ikauliza kwa upole, "Kuna kiumbe nisichokitambua. Je, ni mgeni?"

Nilifurahi kuulizwa kwa Kiswahili safi. Nikajibu kama inavyompasa mwenye nyumba, "Naam, ni mgeni wetu."

"Asante. Mgeni anaondolewa."

Mwanga mkali ukakishukia kile kipande peke yake. Nikasema si mgeni, ni mwenyeji. Nikachomoa waya, kumbe taa ina betri yake. Kipande kikageuka cheupe kama chokaa, nami nimesimama na waya mkononi.

Mwanakheri hakunilaumu. Alikuwa bado anakitazama kile kipande, Bi Tatu alipopiga hodi, amekuja kuona tumbawe lake linavyoendelea.

Taa ikageukia mlangoni.

"Je, ni mgeni?"

Mwanakheri akanishika mkono. Bi Tatu akarudia hodi, na hakuna aliyemwitikia, "Karibu."