Mbuzi Anayecheka

Zama zile wanyama walipoanza kutundika mabango milangoni, Bata alifungua nyumba ya kulelea watoto. Akamwita Kinyonga, mchoraji wa mtaa. "Nichoree bango. Nikilipenda, nitakulipa."

Kinyonga akachora, akafuta, akachora tena hadi macho yakamuuma. Bata akayatazama mabango yote. "Mazuri, ila Kunguru anayo yaliyo tayari, kwa bei ya kutupa." Akaenda kununua la mbuzi anayecheka.

Kunguru alikuwa amekwisha kumuuzia Fisi bango lile lile, la bucha lake.

Asubuhi moja Paa, mgeni aliyeelekezwa kwenye bango la mbuzi anayecheka, alimwacha mwanawe mlangoni kwa Fisi, akaenda shamba. Jioni kilio chake kilijaza mtaa.

"Mimi sikumwita mtu," Fisi alisema huku akijilamba. "Bango ndilo lililomwita."

Bata akamkimbilia Kinyonga akitweta. "Nichoree jingine upesi. Nikilipenda, nitakulipa."

Kinyonga akageuka mwekundu toka mkiani hadi utosini. Akakunja brashi zake kwenye kitambaa.

"Mama Bata," akasema, "bei ya bango kamuulize Paa."