Rangi ya Joka la Mlimani

Nungunungu mmoja mbishi hakuwa na kitu alichokipenda kuliko riwaya ya joka linalolinda mlima. Siku filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilipooneshwa kwenye kibanda cha video, alitoka miiba imemsimama.

“Wameiharibu,” alisema. “Joka lile ni jeusi. Hawa wametuletea jekundu.”

“Mimi limeniliza,” alisema Kanga, ambaye machozi yake yalikuwa karibu.

“Wewe kitabu hujakisoma, dada. Nyamaza.”

Kanga akainuka aondoke.

“Ngojeni kwanza,” alisema Kobe, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote. Alikwenda kukileta kitabu, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku wenzake wamenuniana. Mwishowe akakifunga.

“Ndugu yangu, humu rangi haikutajwa popote.”

Nungunungu alimpokonya kitabu, akapekua mwenyewe, akarudia kupekua. Taratibu miiba yake ikalala.

“Marehemu baba ndiye aliyekuwa akitusomea,” alisema. “Kumbe ule weusi aliutia yeye.”

Kisha akamsogezea Kanga kigoda.

“Kaa, dada. Hebu nieleze, hilo jekundu lilikuliza lilipofanya nini?”