Kundi la Tunu

Siku hizi hakuna anayepata udaktari wa elimu bila kufanya utafiti kwa watoto wake mwenyewe. Mimi nina mapacha. Kura ya chuo iliamua Mwanaidi afundishwe kusoma na Tunu asifundishwe, ili apatikane wa kulinganisha naye. Kinasa sauti kiko ukutani jikoni. Nikimfundisha Tunu hata herufi moja, wote wawili wanapelekwa kwa mtafiti mwingine.

Leo nilikuwa nachambua mchele, Tunu akashika kanga yangu, akaweka kidole kwenye maandishi.

“Mama, hapa pameandikwa nini?”

Nikatazama ukutani. “Sijui, mwanangu.”

Akanitazama kwa huruma, akaniegemea.

“Kumbe na wewe wamekuweka kundi langu,” akasema. “Usilie, mama. Mwanaidi atatusomea.”