Taa Ilipowaka Kijani

Tuliacha mkaa, tukapanda mchicha kwenye magunia, Baba Tunu akawa anakwenda kazini kwa miguu. Bado taa ya ukutani, inayopima hewa chafu itokayo kila nyumba, hata pumzi za waliomo, ilibaki nyekundu, na nyumba yenye taa nyekundu hukatiwa maji Ijumaa.

Alhamisi ikawaka kijani.

"Mama Tunu, tumeweza!" mume wangu akacheka. "Ni huo mchicha wako!"

Sikujua nifurahi au vipi. Binti yetu Tunu alikuwa amelala na homa, hajakimbia wala kuimba tangu juzi.

Jioni homa ikashuka. Akaomba uji, akaanza kurukaruka kitandani. Taa ikarudi nyekundu.

"Mwanangu," nikajisikia nikisema, "hebu lala tena kidogo."