Sherehe Bila Daktari Daphrose

Wapiga ngoma walikuwa wameshamaliza zamu yao, na kiti cha katikati, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe, kilikuwa bado kitupu.

Bonfils alisimama kando ya jukwaa akijilazimisha kutabasamu. Sherehe ilikuwa yake tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyetafuta ukumbi, yeye ndiye aliyewabembeleza wakubwa mpaka wakakubali kutoa medali. Alikwenda hadi mtaa wa Kinama kuwaalika akina mama waliomkumbuka Daktari Daphrose tangu mwaka wa kipindupindu, alipokuwa akiingia nyumba kwa nyumba na ndoo ya klorini kufundisha watu kutibu maji. Kwa miaka mingi mama huyo aliongoza huduma za afya za jiji la Bujumbura, na Bonfils alikuwa msaidizi wake. Mwaka uliopita Daktari alistaafishwa kabla ya wakati. Ofisi yake sasa ilikuwa ya Bonfils.

Ingrid, aliyekuwa akiongoza sherehe, alimsogelea na simu mkononi. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Dokta amepiga, anaomba msamaha, hatakuja.

"Amesema sababu?"

"Apana. Amesema tu mlango wake leo haufunguliwi mutu." Ingrid akasita kidogo. "Na amesema, zaidi Bonfils, asikuje."

Basi anajua, Bonfils aliwaza. Amejua siku zote.

Hotuba ziliendelea. Mama mmoja Mkongomani anayeishi Kinama, Geneviève, alisimama akaeleza jinsi Daktari Daphrose alivyokesha na mwanawe, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Mtoto huyo sasa ni fundi seremala. Watu walipiga makofi. Kisha medali ikatolewa, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, akakabidhiwa Bonfils ampelekee. Makofi yakawa makubwa zaidi. Mzee mmoja alimshika bega akamwambia kwamba ni vijana wachache siku hizi wanaomheshimu aliyewalea kikazi.

Hakungoja chakula. Alichukua gari akapanda hadi mtaa wa Gihosha, nyumbani kwa Daktari Daphrose.

Njiani alikumbuka jinsi mama huyo alivyobadilika mwaka huo mmoja. Alipoombwa kufundisha wauguzi wapya, alikataa. Kanisani, mtu akimuuliza jambo la afya, alisema waulizwe wengine. Bonfils alipokwenda kumsalimu, alimjibu kwa maneno machache, akiyapima kabla ya kuyatoa. Yote hayo Bonfils aliyahesabu kuwa hasira. Alitumaini medali ingeipoza bila yeye kulazimika kusema lolote.

Geti lilikuwa wazi. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na mapazia ya sebuleni yameshushwa mchana kweupe. Alibisha hodi.

"Nani?" Sauti ilitoka karibu, nyuma ya dirisha.

"Ni mi, Bonfils."

"Nilisema usikuje. Rudi nyuma. Usiguse mulango."

Sauti haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza kuliko kutukanwa. Bonfils alirudi nyuma mpaka uani. Angeweza kuacha medali kwenye kibaraza na kuondoka. Christa, mke wake, alikuwa nyumbani na kichanga chao, akimngoja amsimulie sherehe ilivyokuwa. Lakini alipofikiria kumsimulia habari za makofi yale, miguu ikakataa. Akapiga magoti palepale kwenye kokoto, na suti yake ya sherehe.

"Mama, najua sababu umenifungia," alisema. "Una haki. Wakubwa walipokuambia upumuzike, eti umeanza kusahau, ile maneno ilitoka kwangu. Ni mi niliwaambia unarudilia mambo kwenye mikutano. Ni mi nilisema ulichanganya dawa za watoto. Haikuwa kweli, Mama. Hata moja haikuwa kweli. Nilitaka kile kiti."

Bonfils hakuinua uso. Alisema kwamba tangu siku ile hajawahi kukaa ofisini kwa raha, kwamba kila anaposifiwa anahisi ameiba, na kwamba haombi asamehewe leo, anaomba tu afunguliwe mlango siku moja.

Pazia likavutwa.

Daktari Daphrose alikuwa amesimama nyuma ya kioo, barakoa imefunika nusu ya uso. Juu ya barakoa, kwenye paji la uso, kulikuwa na vipele vilivyojaa maji. Aliinua mikono yake miwili, akaigeuza ili Bonfils aone viganja. Malengelenge yalikuwa yametapakaa hadi kwenye vidole.

"Ni mpox," alisema. "Nazani niliipata Kinama, kwa wagonjwa. Naendaga bado kuwatembelea tu. Nimeiona asubuhi, wakati wa kuvaa. Nimeshaita watu wa hospitali, wako njiani. Sikutaka watu waogope katikati ya sherehe. Na we uko na mutoto muchanga kwako, njo maana nilikukataza zaidi ya wengine. Hakukuwa sababu ingine."

Mama yule alimtazama. Kisha mikono yake ikashuka taratibu, na sauti yake, alipozungumza tena, ilikuwa ya mtu anayejisemea mwenyewe.

"Mwaka muzima kila asubuhi naomba Mungu aniachie hata kidogo ya akili yangu," alisema. "Kumbe sikuwa nasahau kitu."