Leseni ya Bwana Fenwick

Namalwa alikikaribia kizuizi cha darajani akiwa ameinua kijiti kilichopasuliwa ncha, na kwenye ule mpasuko kimebanwa kikaratasi cha mzungu. Alikibeba kama bendera ya kanisa.

"Mama, pasi!" aliita askari Kosgei, aliyehamishiwa hapo juzijuzi kutoka Ravine.

"Pasi nitoe wapi, baba? Nimemwokotea tena Bwana Fenwick leseni yake. Ile ya kuvulia samaki."

"Tena? Huyo mzungu wako, mifuko yake yote imetoboka?"

"Ndivyo walivyo. Wao wanaangusha, sisi tunatoka jasho."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu wa shambani hakuvuka daraja kwenda Elburgon bila pasi ya bwana wake, na bwana wa Namalwa, mzungu mwingine mwenye shamba la pareto, alikuwa amekataa. Alielezwa kwamba Nafula, binti aliyeolewa na Joash wa kiwanda cha mbao, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alielezwa pia kwamba mtoto wa kwanza alikufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpokea. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pareto haingoji. Mtoto naye hangoji, lakini mtoto hakuwa zao la shamba lake.

Karatasi ya samaki, hiyo ilikuwa na uzito kuliko mtoto. Wazungu walileta samaki wao wa madoadoa kutoka Ulaya, wakawamwaga mtoni, halafu wakatunga sheria ya kuwalinda wasivuliwe ovyo. Mzungu aliyekutwa anavua bila leseni alinyang'anywa ufito wake na kupelekwa kortini, hata awe nani. Masinde, mlinzi wa mto, hakumwonea mtu haya. Sasa ni askari gani angemzuia mama anayekimbia kumwokoa bwana na aibu kama hiyo?

"Hakugombezi ukichelewa, huyo Fenwick?" Kosgei aliuliza huku akianza kuinua gogo la kizuizi.

"Kitendawili, mwanangu."

"Tega!"

"Ninaye mzungu hafoki, hafukuzi mtu, wala haulizi habari za pareto."

Kosgei alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Huyo hajazaliwa bado, mama!"

Gogo lilikuwa limefika nusu wakati gari lilipofunga breki. Akashuka Inspekta, kijana mgeni kutoka Uingereza, uso umeiva kwa jua. Watu walimwita Bwana Nyanya, asipokuwapo. Kosgei hakujua kusoma. Huyu alijua.

"Hii nini? Wewe nakwenda wapi?"

Kosgei alieleza haraka haraka. Inspekta akachomoa karatasi kijitini, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Ng'ambo ya daraja Nafula alikuwa peke yake na maumivu yake, akimwita mama.

"Wewe naokota wapi?"

"Kando ya mto, bwana. Kwenye majani."

Na hapo alisema kweli tupu.

Inspekta akawageukia Kosgei na askari wenzake wa kizuizini. "Nyinyi naona huyu mama? Hapana soma. Hapana viatu. Lakini roho yake safi! Hapana danganya, hapana iba kitu ya mwenyewe. Nyinyi yote taka kuwa kama huyu!"

Askari wakasimama wima, wakaahidi kuwa kama huyu.

"Mimi mwenyewe napeleka kwa Bwana Fenwick," Inspekta akasema. Akaikunja leseni, akaitia mfukoni na kuufunga kifungo. Nyuma ya gari lake, ncha ya ufito wa kuvulia ilikuwa inachungulia chini ya turubai.

"Asante, bwana. Hata mguu utapumzika," Namalwa akasema. "Ila sasa mimi sina karatasi ya kumwonyesha mtu. Na binti yangu yuko hapo mbele, anajifungua. Hawa vijana wako ni wakali sana, bwana, wanafuata sheria."

Inspekta akacheka, akafurahi kusikia vijana wake ni wakali. Akatoa kalamu, akaandika pasi juu ya boneti: huyu mama mwaminifu apite darajani siku yoyote, asisumbuliwe. Akatia sahihi ndefu yenye mkia.

Namalwa aliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Alivuka kwa mwendo wa heshima mpaka kwenye kona. Alipoipita kona akapandisha leso magotini, akatimua mbio kama msichana.

Alimkuta Nafula ameshika nguzo ya kitanda, midomo imekauka. Jua lilipoanza kuinama, nyumba za mbao zilikuwa zimejaa kilio cha mtoto wa kike, kilio cha hasira, cha mtu aliyekuja kudai chake.

Wakati huohuo, chini ya daraja, Inspekta alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, ufito mkononi, samaki wawili wamelala kwenye nyasi. Masinde akatokea vichakani.

"Leseni, bwana."

Inspekta alimpa bila hata kugeuza shingo. Masinde akaisoma polepole, herufi kwa herufi.

"Wewe ndiye Bwana Fenwick?"

"Ndiyo. Mimi Fenwick. Wewe hapana ona jina?"

Masinde akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, bwana," akasema. "Maana masika haya yaliyopita ni mimi niliyekutoa kwenye maji haya ukiwa umekakamaa kama gogo, na ni mimi niliyeshika kamba tukikushusha kaburini."