Milio Mitatu Juu ya Kibabi

Piii. Piii. Piii.

Théogène aliusikia mlio huo kabla hawajamfungua kitambaa machoni, na papo hapo akajua kwa nini wamemkamata. Milio mitatu mirefu, kimya, halafu mitatu tena. Ilikuwa kompyuta ya ushirika wa wafugaji wa Bihambwe, iliyoporwa juma lililopita, na ilikuwa inalia kwamba haioni kumbukumbu yake.

Kitambaa kikatoka. Chumba cha mbao, dirisha moja lenye nondo, meza, mashine. Mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye koti la mvua na bunduki. Wenzake walimwita Commandant tu.

"Njo weye ulitia hii système ya kichaa?"

"Njo miye."

Hakuona haya kusema. Mafundi wengine waliweka mifumo ya kawaida. Yeye alikuwa ameweka toleo la majaribio, linalobadilika kila juma, kwa kuwa ndilo pekee lililoitambua diski ya mashine hii. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyeweza kuisoma.

"Mule ndani iko liste," Commandant alisema. "Kila mwenye ng'ombe, iko nazo ngapi, na kilima gani alizificha. Ikiamuka, unarudi kwa bibi yako leo leo. Ikikataa, utazeeka nayo hapa."

Mlango ukafungwa kwa mnyororo.

Saa sita mnyororo ulifunguliwa, akaingia Mama Drocella na sahani ya viazi vilivyomwagiwa mafuta ya ng'ombe. Alikuwa mjane wa Bihambwe. Walimchukua miezi mitatu nyuma awapikie, na tangu hapo hakuvuka uzio wa kambi.

"Kula, fundi. Upate nguvu ya kutuuza."

"Bibi yangu iko karibu kuzaa, Mama. Nataka kurudi kwangu Muheto."

"Ng'ombe zangu mbili nazo ziko karibu kuzaa. Nani atazirudisha kwangu?"

Théogène aligonga kioo cheusi kwa kidole. "Zote ziko mule. Jina yako, hesabu, mpaka kilima."

Mama Drocella alimtazama kama anayetazama inzi kwenye maziwa.

"Kesho uniongezee mafuta," Théogène alisema. "Viazi vikavu vinanikaba."

"Angalia huyu! Anauza watu, na bado iko na hamu ya kula."

Siku ya pili Théogène aliichomoa barrette ya kumbukumbu, kile kibao chembamba kama kitana, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, akakirudisha. Milio ikakoma. Maandishi meupe yakaanza kuteremka kwenye kioo. Mlinzi aliyekuwa nje akapiga kelele, Commandant akaja mbio, na alipofika mlangoni maandishi yalikuwa yamegoma katikati.

"Ni kerneli," Théogène alisema, jasho likimtoka. "Kile kiini kinachoongea na vyuma. Ya juma hili bado ni mbichi. Nitarudisha ya juma lililopita."

Ya juma lililopita ikafa vilevile. Ya mwezi uliopita ikaenda mbali zaidi, ikafa. Na kila ilipoonekana kupona, buti za Commandant zikisikika kwenye kokoto, mashine ilianza upya: piii, piii, piii.

Siku ya tatu Commandant hakufoka tena. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kesho kutwa saa sita," alisema polepole. "Ikilia tena, tunawazika pamoja, weye na mashine yako."

Théogène alihesabu nondo za dirisha. Tisa. Alikuwa akizihesabu tangu siku ya kwanza, kana kwamba siku moja zingepungua.

Mama Drocella alikuja kuchukua sahani. "Umeilamba mpaka imetakata," alicheka kwa uchungu. "Hata mbwa yangu anaachaka kidogo."

Asubuhi ya siku ya nne, Théogène mwenyewe ndiye aliyemwita Commandant. Mama Drocella alikuwa anafagia. Théogène akanyanyua ile barrette kwenye mwanga. Meno yake ya shaba yaling'aa kwa mafuta.

"Nusa, Commandant."

Commandant akanusa. "Mafuta ya ng'ombe."

"Ni huyu mama. Anatoka jikoni na mikono hivyo, anapangusa meza, anagusa kila kitu. Hata kama hajui, mashine haiwezi kupona akiwa hapa. Mufukuze. Hata jikoni asibaki."

Ufagio ukaanguka. "Muongo! Sijaigusa mashine yako hata siku moja!"

"Na nani atatupikia?" mlinzi akauliza.

"Mutapika benyewe," Commandant alisema. "Mama, toka. Rudi kwako."

Mama Drocella alimtemea Théogène mate kifuani. "Nitalitangaza jina lako Bihambwe yote! Batu bote batajua njo weye unafungua liste!"

"Watangazie," Théogène alisema bila kuyafuta mate. "Usisahau hata mumoja."

Dakika chache baadaye kitenge chekundu cha Mama Drocella kilionekana dirishani kikiteremka kilima cha Kibabi, huku akilitaja jina la Théogène na kulilaani katika kila shamba alilopita. Kabla ya jua kuzama angekuwa nyumbani, na usiku mmoja unatosha kuhamisha ng'ombe.

Commandant alisimama kizingitini, amekipa chumba mgongo, akimsindikiza kwa macho na kuzicheka laana zake.

"Mama haiko tena, mafuta haiko tena," alisema. "Sasa inaamuka lini?"

Théogène alipeleka mkono chini ya ubao wa meza, mahali alipokuwa amegandisha mafuta ya sahani zote tatu, akachota kwa kidole na kuyapaka yale meno ya shaba, jino kwa jino.

"Kesho saa sita, Commandant," alisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. "Nakuahidi."